Walipoacha kuchemsha: daftari la hesabu la Scott na Helen Nearing

Watu wengi wanaosimulia habari ya Scott na Helen Nearing, mume na mke Wamarekani waliohama mjini kwenda kuishi shambani mwaka 1932, huanza na bustani: kabichi, viazi, mboji, na nyumba za mawe walizojenga kwa mikono yao. Mimi naona bustani ndiyo sehemu nyepesi ya kisa hiki. Mtu aliyekulia Kilosa au Kakamega hashangai kusikia kwamba mke na mume fulani walilima chakula chao wenyewe. Hayo ndiyo maisha ya bibi yake mpaka leo. Kigeni ni daftari lao la hesabu, na mstari waliouchora humo: fedha ya mwaka huu ikifika hapa, tunaacha kutafuta fedha.

Ili mstari ule ueleweke, tuanze na walikotoka.

Scott Nearing alizaliwa mwaka 1883 huko Morris Run, mji wa makaa ya mawe jimboni Pennsylvania, ambako babu yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa mgodi. Hakuwa mtoto wa shida. Alisomea uchumi, akaufundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na akiwa hapo akaanza kusema hadharani dhidi ya kuajiri watoto viwandani na migodini. Mwaka 1915 chuo kikakataa kumwongezea mkataba. Akapata kazi Toledo, Ohio. Mwaka 1917 Marekani ikaingia vitani, naye akaipinga vita, akaondolewa tena. Mwaka 1918 akafunguliwa mashtaka kwa sababu ya kijitabu cha kupinga vita. Kesi ilipoisha mwaka 1919 yeye alionekana hana hatia, lakini jumuiya iliyokichapisha ikatozwa faini ya dola 3,000. Akajiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1927, na kufika 1930 amekwisha kutoka kwa ugomvi juu ya maandishi yake. Yaani mabepari walimfukuza, na wakomunisti nao wakaachana naye. Vyuo havikumtaka, na wachapishaji wakubwa waliomgombania zamani wakawa hawapokei miswada yake.

Helen Knothe alikuwa mdogo kwake kwa miaka 20 na ushei. Alizaliwa mwaka 1904 katika familia ya kujiweza ya New Jersey, akafundishwa fidla, akaipeleka hadi Ulaya. Uhusiano wao ulianza mwaka 1928. Scott alikuwa ametengana na mke wake wa kwanza, na watoto wake wawili wa kiume walikuwa wanakua. Mmoja wao, John, mwaka uleule wa 1932 baba yake alipohamia shambani, yeye alikwenda Urusi ya Kisovieti akafanya kazi ya kuchomelea vyuma Magnitogorsk, mji wa viwanda vya chuma. Familia ya watu wenye kwenda mpaka mwisho wa jambo.

Basi mwaka 1932, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, wawili hawa wanaishi New York katika vyumba vya bei rahisi. Kazi ya mshahara hakuna, au ipo kwa sharti la kufunga mdomo. Walifikiria kujiunga na kijiji cha ushirika wakakosa kinachowafaa. Wakaamua kununua shamba lililochoka huko Vermont, katika bonde la Pikes Falls, kusini mwa jimbo. Walilipa dola 300 taslimu, na dola 800 zikabaki kama rehani ya benki ya ardhi. Naitaja rehani hiyo kwa makusudi, kwa sababu baadaye wakawa wahubiri wakali wa kutokopa. Mlango wao wa kuingilia maisha yasiyo na deni ulikuwa deni, ingawa dogo na lenye ardhi nyuma yake.

Shamba lenyewe halikuwa la kuvutia. Udongo wa milimani, mwembamba, wenye tindikali, umejaa mawe. Majira ya baridi marefu, kiangazi kifupi, umande wa barafu unaoweza kuua mche wa nyanya wakati mkulima ameanza kujisifu. Nyumba ya mbao iliyokuwepo imechakaa. Bei ilikuwa chini kwa sababu wenyeji walikuwa wakihama. Ardhi rahisi ni msingi wa kisa hiki kama ilivyo bidii ya wahusika, na wasimulizi wengi huipita bila kuitazama.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kama wangekuwa na ndoto ya kuishi bila fedha kabisa wangeshindwa mwaka wa kwanza. Kodi ya ardhi serikali haipokei kabichi. Saruji hununuliwa, na misumari, na petroli ya gari, na mafuta ya kula, na stempu za barua za mtu anayeandika kila siku. Kwa hiyo walikaa chini wakaorodhesha mambo wasiyoweza kuyazalisha, wakajumlisha fedha inayotakiwa kwa mwaka, kisha wakatafuta zao moja tu la biashara litakaloingiza kiasi hicho. Kiasi kikipatikana, uzalishaji wa kuuza unasimama mpaka mwaka mwingine. Muda unaobaki si wa kuongeza kipato. Ni wa kuandika, kusoma, kupiga muziki, kusafiri, kuzungumza na watu.

Mchumi wa kawaida angewaambia wamekosea. Una wateja, una mtambo, una msimu, kwa nini usichemshe pipa moja zaidi? Scott alikuwa mchumi, na alilijua swali hilo kuliko waulizaji. Jibu lake lilikuwa kwamba pipa la ziada lina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: saa zako. Na ukishazoea fedha ya pipa la ziada, matumizi yatapanda kuifuata, na mwakani lile pipa halitakuwa la ziada tena.

Zao lenyewe lilikuwa shira ya mepo. Mepo ni mti wa nchi za baridi, na shira yake hutengenezwa kwa namna inayofaa kuelezwa polepole, kwa sababu uchaguzi wa zao hili ndio uliobeba mpango wote. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku kukiwa kunaganda na mchana kukipata joto kidogo, utomvu huanza kupanda na kushuka ndani ya shina. Unatoboa tundu dogo, unapachika kibomba, unaning'iniza ndoo. Kinachodondoka kinaonekana kama maji ya kawaida. Ukionja, utamu ni wa kudhania tu, maana sukari humo ni kama asilimia 2. Lazima kichemshwe. Kiasi cha lita 40 za utomvu zinatoa lita 1 ya shira. Utomvu haungoji, ukikaa unachacha, kwa hiyo siku ukitoka kwa wingi mnakesha kwenye kibanda cha kuchemshia, masinia marefu ya bati juu ya moto wa kuni, mvuke umejaa mpaka mtu wa pili humwoni vizuri. Kuni zenyewe zilikatwa na kupangwa miezi mingi kabla, maana kuni mbichi hazichemshi kitu. Ardhi yao ilikuwa na miteremko, nao wakatandaza mabomba ya chuma ili utomvu ushuke wenyewe badala ya kubebwa kwa ndoo. Baada ya wiki chache machipukizi yanaanza kufunguka, utomvu unabadilika ladha, na msimu umekwisha.

Sasa tazama zao hili lilivyowafaa. Linakuja wakati bustani iko chini ya theluji, kwa hiyo haligombanii mikono na mboga. Halimwagiliwi, halipaliliwi. Ukishalichemsha haliozi, shira inakaa, na sukari ya mepo inakaa zaidi. Thamani yake kwa uzito ni kubwa, kwa hiyo inaweza kuuzwa kwa posta, na barua ikaleta hundi mpaka kijijini. Mkulima wa mchicha anayelazimika kuuza siku hiyohiyo kwa bei yoyote ataelewa haraka Nearing walikuwa wamekwepa nini. Ila kuna jambo moja la kuongeza. Mti wa mepo unahitaji miaka 30 mpaka 40 kabla ya kutobolewa. Wao hawakupanda hata mmoja wa ile waliyoivuna. Waliikuta imesimama katika shamba la jirani walilolinunua baadaye, na kwanza waliivuna kwa kugawana na familia ya wenyeji iliyokuwa na ujuzi. Kujitegemea kwao kulianza kwa kutegemea miti iliyoachwa na watu waliokwisha kufa na ustadi wa watu waliokuwa hai.

Upande wa matumizi walibana kila mahali. Hawakula nyama, na hawakufuga. Sababu yao ilikuwa ya kimaadili, lakini ina matokeo ya kihesabu: mwenye ng'ombe wa maziwa hana Jumapili, wala hawezi kufunga mlango akaenda kuhutubia miji ya mbali wakati wa baridi, jambo ambalo Nearing walilifanya mara kwa mara. Walikula kwenye bakuli za mbao, bakuli moja kwa mtu, basi vyombo vya kuosha vikapungua. Asubuhi matunda. Chakula chao kimojawapo kilikuwa oti (oats) mbichi iliyochanganywa na zabibu kavu, mafuta na maji ya limau, nao wenyewe wakakiita kwa utani chakula cha farasi. Sijui ni Mswahili gani angekaa wiki mbili kwa lishe hiyo bila kuulizia pilau, lakini jikoni hapakuwa na cha kumfanya Helen asimame saa nne kwa siku, na hilo ndilo alilolitaka.

Nyumba ndiyo iliyowatofautisha na wapita njia. Walijenga kwa mawe na zege, wakifuata mbinu ya Ernest Flagg, msanifu majengo wa New York: unasimamisha kuta mbili za mbao zinazohamishika, unapanga mawe uso wake ukigusa mbao za nje, unajaza zege nyuma yake, zege likishika unazipandisha mbao juu kidogo na kuendelea. Asiye fundi anaweza. Mbao hizohizo zinatumika jengo baada ya jengo.

Lakini siri ya kazi haikuwa kwenye mbao. Ilikuwa kwenye marundo. Tangu miaka ya mwanzo, kila walipokwenda matembezi au walipopalilia, jiwe lililofaa lilirudi nalo mtu nyumbani, na kila jiwe lilikuwa na rundo lake. Mawe ya kona rundo lake. Yenye uso mzuri wa kutazama barabarani, lake. Ya sakafu, ya dohani, kila aina peke yake. Na rundo la mwisho waliliita wabaya, yaani mawe yasiyo na sura yoyote, ambayo yalikwenda kujaza tumbo la ukuta na msingi. Siku ya kujenga ilipofika hakuna aliyesimama na zege mkononi akitafuta kona. Mtu aliyewahi kumlipa fundi kwa siku nzima huku kokoto haijafika saiti anajua marundo yale yaliokoa nini. Jiwe lenyewe lilikuwa bure. Kilichokuwa na thamani ni miaka ya kulipanga kabla halijahitajika.

Utaratibu huohuo waliuweka kwenye siku. Saa nne za kazi ya mkate, yaani ya kujipatia chakula na makazi, saa nne za kazi ya moyo, saa nne za kuwa na watu. Kulikuwa na daftari la karatasi za kuchomoa lenye orodha ya kazi za siku ya jua na kazi za siku ya mvua, ili hali ya hewa isiwe kisingizio. Wengine wameona humu ukali wa kijeshi, na nadhani hawajakosea. Scott hakuwa mtu wa kupiga soga kibarazani. Majirani wa Vermont, watu wa kahawa, nyama na uwindaji, waliwaheshimu kwa bidii na wakawaona wageni mpaka mwisho. Nearing wenyewe, walipoandika tathmini ya miaka yao 20 bondeni, walikiri kwamba upande wa kijamii walishindwa: jaribio la kuwa na maisha ya ushirika na majirani halikushika. Walijitegemea wawili. Bonde halikubadilika.

Sasa tuje kwenye mambo yasiyokaa vizuri na hadithi.

La kwanza ni fedha zilizotoka nje. Daftari la shira lilikuwa la kweli, lakini halikuwa daftari pekee. Scott alihutubia na kuandika, na kitabu chao cha mwaka 1954 kuhusu maisha ya Vermont, kilipochapishwa upya mwaka 1970, kilipata vijana waliochoka na miji na kikauzwa sana. Kabla ya hapo kulikuwa na urithi. Helen aliwahi kupendwa na Mholanzi tajiri, J. J. van der Leeuw, mwanatheosofia (mfuasi wa harakati ya kiroho iliyochanganya dini mbalimbali) na rubani wa kujirushia ndege yake mwenyewe. Mwaka 1934, akirudi peke yake kutoka Afrika Kusini, ndege yake ilianguka Tanganyika, akafa. Helen alikuwamo katika wosia wake. Ndivyo ilivyo: sehemu ya utulivu wa shamba lile la Vermont ina mguu wake mmoja katika ajali iliyotokea nchini kwetu. Jirani wao mmoja wa baadaye alizifuatilia fedha hizi za mirathi na kuziweka wazi, na wapo wasomaji waliohisi wametapeliwa.

Mimi sihisi hivyo, ila nataka tuelewe urithi ulifanya kazi gani. Haukununua samani wala gari la fahari. Maisha yao hayakupanda. Uliwafanyia kazi ya bima. Mtu anayejua kuna akiba mahali anaweza kuchora mstari wa kiasi cha kutosha karibu sana na mahitaji yake, bila kuacha nafasi ya dharura. Asiye na akiba akiuchora mstari huohuo mahali palepale, homa moja kali inamtumbukiza kwenye deni. Na tukizungumzia homa: Nearing walijisifu kwamba hawakuwa na haja ya daktari. Scott alifariki nyumbani Agosti 1983, siku 18 baada ya kutimiza miaka 100. Helen alifariki mwaka 1995 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 91. Vizuri. Lakini afya ya namna hiyo haithibitishi mpango. Ina maana tu kwamba mpango haukuwahi kujaribiwa. Hesabu yao haina mstari wa hospitali, na mtu anayeiiga lazima auongeze yeye mwenyewe, iwe kwa bima, kikoba au akiba ya mifugo.

La pili ni watoto. Wawili hawa hawakuzaa pamoja. Hakuna ada, hakuna sare, hakuna mtoto wa kidato cha pili anayetaka simu kama ya wenzake. Ukisoma daftari lile kwa makini utaona jinsi lilivyo safi kwa sababu hakuna mtu wa miaka 14 aliyeketi mezani kulipinga.

La tatu linatuhusu sisi zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Mstari wa kutosha unachorwa na nani? Kwa Nearing ulichorwa na watu wawili mezani, ukakaa. Kwa mtu wa Mbagala au Kisumu mstari huo una watu wengi walioshika kalamu. Ukiamua kwamba mwaka huu umeshapata ya kutosha, shangazi aliye na mgonjwa hajaamua. Mchango wa harusi hauna habari na daftari lako. Na si kwamba wanakuonea. Wewe mwenyewe ulisomeshwa na michango hiyohiyo. Mtu anayeacha kuchemsha Machi kwa sababu yake imetosha, huku ndugu zake hayajawatosha, kwetu haitwi mwenye busara. Anaitwa mchoyo, au mvivu.

Tena sisi kujitegemea tulihubiriwa kwa sauti kubwa. Azimio la Arusha la 1967 lililiweka neno hilo shuleni na redioni, na shule zikapewa mashamba. Lakini kule kujitegemea kulikuwa kwa taifa na kijiji, na swali lilikuwa kuzalisha zaidi. Swali la Nearing ni la nyumba moja, na linahusu kupunguza. Hayo mawili huchanganywa mara kwa mara: mtu akisikia maisha ya kujitegemea hukimbilia kununua ekari Bagamoyo, kuchimba kisima, kufunga mabomba ya matone na kujenga banda la kuku 500, yote kwa mkopo wa mshahara. Huyo ameongeza biashara ya pili. Hata ikifanikiwa haina uhusiano na kisa hiki, maana mahitaji yake ya fedha yamepanda siku aliyosaini mkopo.

Ndugu zetu wanaotaka kujaribu, naona pa kuanzia ni palepale walipoanzia wao, kabla ya jembe: kujua fedha ya mwaka ni kiasi gani hasa. Si ya mwezi. Mwezi unadanganya, kwa sababu ada, kodi ya pango ya miezi sita, sikukuu na misiba haviji kwa mwezi. Na ndani ya hesabu hiyo weka mstari wa ukoo kwa jina lake kabisa, kiasi cha kutoa kwa mwaka, badala ya kujifanya haupo halafu kukopa kwenye simu usiku wa manane kila unapopigiwa. Nearing hawakuwa na mstari huo, sisi tunao, na sioni kwa nini daftari lisiubebe. Kinachoua hesabu zetu mara nyingi si shangazi. Ni vile vitu vinavyolipwa kidogokidogo kila siku kwa mkataba, televisheni, friji, simu mpya wakati ya zamani inapiga vizuri, ambavyo bei yake kamili hakuna anayeijumlisha mpaka siku ya kunyang'anywa.

Mengine katika kisa hiki hayahami. Shira haihami, wala nyumba ya kioo ya kuoteshea mboga kwenye theluji. Kukataa mifugo kwa mtu wa Singida ni kukataa benki. Na zile saa nne kwa siku zinawezekana kwa mtu ambaye tayari ana ardhi na paa; mpangaji wa chumba kimoja anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala hana saa nne za kupanga.

Baada ya miaka 20 Vermont ikawabadilikia. Milima ya jirani ilianza kutazamwa kwa jicho la michezo ya theluji, wageni wakaongezeka, ardhi ikapanda bei. Hapo walifanya jambo lililo sawa kabisa na lile la kuacha kuchemsha. Walikuwa na eneo kubwa la msitu walilolinunua kwa bei ya chee miaka ya mwanzo. Thamani yake ilikuwa imekua bila wao kuinua kidole, na Scott alishikilia kwamba faida asiyoifanyia kazi si yake. Mwaka 1951 wakalikabidhi kwa mji wa Winhall liwe msitu wa umma. Mwaka 1952 wakahamia Maine, rasi ya Cape Rosier, mahali paitwapo Harborside, kando ya bahari. Hapo zao la fedha likawa bluberi, matunda madogo ya rangi ya buluu. Wakaanza upya marundo ya mawe, wakazungushia bustani ukuta, na Scott alikuwa amepita miaka 90 walipojenga nyumba yao ya mwisho ya mawe.

Ukuta ule na nyumba ile havikujengwa na wazee wawili peke yao. Miaka ya 1970 vijana walikuja kwa maelfu. Pale mlangoni kuliwekwa tangazo: wageni saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, asubuhi ni yetu. Aliyefika mapema alipewa toroli. Kuna wanaoliona hilo kama unyonyaji wa kiungwana, shamba la kujitegemea linaloendeshwa kwa vibarua wasiolipwa. Nafikiri ni nusu ya ukweli. Vijana walikuja bila kuitwa, wakala supu, wakafundishwa, wakaondoka. Lakini ni kweli vilevile kwamba mtu akinukuu ukuta wa Maine kama ushahidi wa kinachoweza kufanywa na mke na mume, ananukuu vibaya.

Wengi wa maelfu wale walirudi mjini, au walinunua mashamba yao wakayauza baada ya majira ya baridi mawili. Ushauri waliupata, na mabega yaliwauma ipasavyo. Walichokikosa zaidi ni ardhi ya dola 300 na rehani ya 800, maana miaka ya 1970 ardhi ya bei hiyo haikuwepo tena. Mwaka 1968 kijana mmoja, Eliot Coleman, aliuziwa na Nearing ekari 60 za shamba lao kwa dola 33 kwa ekari, bei ileile waliyoinunulia wao. Alianza na msitu, akaukata, akaurutubisha udongo kwa mboji na mwani, na baada ya miaka akawa mmoja wa wakulima wa mboga wanaojulikana zaidi Marekani kwa kuvuna wakati wa baridi. Yeye huuza sokoni, hutumia zana alizozibuni kwa ajili ya biashara, na hana mstari wa kuacha kuchemsha. Shamba lake liko palepale, na mboga zinatoka hata Januari.